Mpango wa elimu wa miaka 10 umefika mwisho, hesabu bado inatafutwa

Kila mwaka wa masomo, direkta wa shule ya msingi huko Kivu, Ituri ao Tanganyika anajaza fomu ya serikali yenye kurasa nyingi. Anaandika wavulana ni wangapi, wasichana ni wangapi, wangapi wamerudilia darasa, madawati mangapi, vyoo vingapi, vyumba vya matofali na vile vya mbao ao majani. Anahesabu pia walimu: wale wanaolipwa na wale wasiolipwa bado. Fomu inaenda kwa ofisi ya karibu ya elimu, inapanda kwa Proved, halafu inasafiri mpaka Kinshasa. Huko inapaswa kuingia katika kitabu cha takwimu cha wizara.

Hesabu hiyo ndiyo msingi wa kila mpango. Na mpango mkubwa kuliko yote, mkakati wa elimu na mafunzo wa 2016-2025, umefika mwisho wa muda wake. Uliahidi mambo matatu: watoto wengi zaidi waingie shuleni bila ubaguzi, wajifunze vizuri zaidi, na usimamizi uwe safi. Swali rahisi ni hili: nani anaweza kusema kwa uhakika ahadi ipi imetimia?

Kuhusu kuingia shuleni, jibu linaonekana kwa macho. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, ilisema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za umma. Ahadi hiyo ilisubiri miaka 13. Mnamo Septemba 2019, chini ya Rais Félix Tshisekedi, serikali ilianza kuitekeleza inchi nzima, na mamilioni ya watoto wakaja. Madarasa yakajaa kabla ya vyumba kujengwa, na walimu wakahitajika kabla bajeti haijawa tayari. Mwaka uliofuata, Benki ya Dunia ilikubali kutoa milioni 800 za dola kusaidia.

Lakini kupima maendeleo kunahitaji kujua pia watoto waliobaki nyumbani, na hapo ndipo hesabu inakwama. Sensa ya mwisho ya wakaaji wa Kongo ilifanyika mwaka 1984. Tangu wakati huo, idadi ya watoto wenye umri wa kusoma inatokana na makadirio. Ndiyo sababu ripoti zinaonyesha asilimia ya wanafunzi wa shule ya msingi inayopita 100. Sehemu moja inatokana na watoto waliochelewa kuanza ao waliorudilia darasa. Sehemu nyingine, hakuna anayeweza kuipima sawasawa bila sensa. Mtaalamu wa mipango aliyeketi Kinshasa anagawanya namba inayotoka shuleni kwa namba ya kukadiria, kisha tokeo lake linaitwa maendeleo.

Namba ya shuleni nayo ina bei yake. Mwalimu asiyeandikwa kwenye orodha ya serikali halipwi. Walimu wapya wanaongoja kuandikwa, wanaoitwa N.U., wanaweza kufundisha miaka kadhaa wakiishi kwa shamba, biashara ndogo ya mke ao deni la dukani. Na huku wao wakingoja, majina mengine yalikuwa yakilipwa bila kushika chaki hata siku moja: mwaka 2020, Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, ulionyesha kwamba ndani ya orodha ya mishahara ya SECOPE kulikuwa shule na walimu wa uongo. Maofisa wakubwa wa elimu walifikishwa mahakamani, na mwaka 2021 SECOPE ikapisha DINACOPE. Jina limebadilika, N.U. bado wapo.

Ahadi ya pili, ya kujifunza, ndiyo ngumu zaidi kusomeka. Fomu ya direkta inauliza watoto wangapi wameketi darasani, haiulizi wangapi wanajua kusoma. Benki ya Dunia inakadiria kwamba watoto 97 kati ya 100 wenye miaka 10 inchini Kongo hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mafupi. Mpango unaweza kufaulu kwa madawati na kushindwa kwa daftari, na ripoti ya mwaka isionyeshe tofauti.

Halafu kuna vita. Goma iliangukia mikono ya AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari. Karatasi inayotoka shule ya huko kwenda wizarani inavuka mstari wa mapigano. Hata kabla ya hapo, shule nyingi za Masisi, Rutshuru na Djugu zilikuwa zimefungwa, zimehama pamoja na wakimbizi ao zimegeuzwa makao ya watu waliokimbia.

Direkta wa shule kama hizo anajaza fomu vilevile. Anaandika wanafunzi 400 mwezi wa kumi na moja. Mwezi wa pili, kijiji kimehama, wamebaki 90, wengine wanasomea chini ya hema la shule nyingine, ambako direkta mwingine amewahesabu. Kitabu cha takwimu kikitoka, mara nyingi kwa kuchelewa, watoto hao wanaweza kuwa mara mbili ndani yake, ao wasiwemo kabisa.

Na katika ukurasa wa walimu, yule N.U. wa darasa la tatu ameandikwa tena, kama mwaka jana, kwenye safu ya wasiolipwa.