Chunusi ukubwani: Maswali ya kujibu kabla ya kumeza dawa kali

Shule alimaliza zamani, kazi anayo na harusi imeshapangwa. Lakini kila asubuhi akijitazama kwenye kioo ni kama amerudi kidato cha pili: vinundu vinavyouma kwenye taya na shingoni, na kila kimoja kikipona kinaacha doa jeusi.

Mchukulie dada huyu kama mfano. Ana miaka 28 na anaishi Kizimbani, Unguja, kwenye mashamba ya viungo unayoyafikia ukishapita Bububu na Kidichi. Ameshajaribu liwa, manjano, asali, mafuta ya karafuu na krimu tano za dukani. Sasa amesikia kuna vidonge vinavyomaliza chunusi kabisa. Jina lake isotretinoini.

Je, aanze? Jibu linategemea mambo matatu: chunusi zenyewe zina ukali gani, tiba gani ameshazitumia ipasavyo, na kalenda yake ya maisha kwa mwaka mmoja ujao ikoje.

Kwani chunusi si za vijana tu?

Hapana. Wapo wanaobaki nazo tangu ujana, na wapo zinaowaanza wakiwa na miaka 25 au 30 na kitu. Ukubwani zinawasumbua zaidi wanawake, na mara nyingi hukaa sehemu ya chini ya uso: taya, kidevu na shingo.

Chanzo ni mambo manne yanayokutana. Tezi za ngozi hutoa mafuta mengi, vitundu vya vinyweleo huziba, bakteria wanaoishi kwenye ngozi huongezeka ndani ya vitundu hivyo, kisha mwili hupambana nao na sehemu hiyo huvimba. Homoni ndizo zinazoziamsha tezi za mafuta. Ndiyo maana chunusi za wengi huchachamaa siku chache kabla ya hedhi.

Kama pamoja na chunusi hedhi inaruka miezi, au nywele zinaota kidevuni na kifuani, daktari aambiwe. Inaweza kuwa dalili ya tatizo la homoni linaloitwa PCOS, na hilo lina matibabu yake.

Kwa ngozi nyeusi shida haiishii kwenye kipele. Doa linalobaki linaweza kukaa miezi mingi, na wengine huota makovu manene. Kwa hiyo "zitaondoka zenyewe" si ushauri mzuri kwa mtu ambaye tayari anapata makovu.

Kwanza, acha kinachozidisha

Kabla ya kufikiria dawa kali, kuna vitu vya kuacha. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa nywele, lakini kwa uso wenye chunusi yanaweza kuziba vitundu. Mafuta ya karafuu yakipakwa bila kuchanganywa huweza kuunguza ngozi. Ndimu ikipakwa usoni kisha mtu akatoka juani, inaweza kuacha alama mbaya kuliko chunusi yenyewe.

Hatari kubwa zaidi ni mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha uso huwekwa dawa za steroidi kama betamethasoni au klobetasoli. Wiki za mwanzo uso hutulia na mtu hufurahi. Baadaye ngozi huwa nyembamba, na vipele vipya huota kwa sababu ya krimu hiyo hiyo. Akiacha ghafla, uso unaweza kulipuka, naye hurudi kupaka tena. Hapo ndipo wengi wananasa.

Zebaki na haidrokwinoni pia zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania. Anayetumia krimu asiyoijua aende nayo kwa daktari. Chunusi zilizoletwa na steroidi hazitibiwi kwa njia ile ile.

Tiba za kawaida zimepewa muda?

Wengi husema "nimejaribu kila kitu" wakati kila dawa waliitumia wiki mbili tu. Dawa za chunusi hazina haraka hiyo. Jeli kama benzoili peroksaidi au adapalini huhitaji wiki 8 hadi 12 kabla ya kusema imeshindwa, na hupakwa uso mzima unaoota chunusi, si juu ya kipele kimoja kimoja.

Zikizidi, daktari anaweza kuongeza vidonge vya antibiotiki kama doksisaiklini kwa miezi mitatu hivi, pamoja na jeli. Kuzimeza peke yake mwaka mzima si sahihi, maana bakteria huzizoea. Kwa wanawake zipo pia dawa zinazogusa homoni, kama baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango au spironolaktoni.

Isotretinoini huja baada ya hapo, au mapema zaidi kama chunusi ni vinundu vikubwa vya ndani au tayari zinaacha makovu. Hali inayomvunja mtu moyo mpaka anajifungia ndani nayo huhesabika. Daktari mzuri ataiuliza.

Isotretinoini inafanya nini?

Ni dawa ya jamii ya vitamini A. Inasinyaza tezi za mafuta, inapunguza kuziba kwa vitundu, bakteria wanakosa chakula na uvimbe unashuka. Kwa maneno mengine, inagusa vyanzo vyote vinne kwa pamoja. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani waliripoti matokeo ya wagonjwa 14 wenye chunusi kali. 13 kati yao walipona kabisa. Mwaka 1982 dawa hiyo ikaidhinishwa Marekani kwa jina la Accutane.

Dozi hupangwa kwa uzito wa mwili. Kawaida ni miligramu 0.5 hadi 1 kwa kila kilo kwa siku, ingawa madaktari wengine hutumia dozi ndogo zaidi kwa muda mrefu. Wengi hulenga jumla ya miligramu 120 hadi 150 kwa kila kilo kwa matibabu yote.

Piga hesabu. Dada mwenye kilo 60 akilenga 120 kwa kilo anahitaji miligramu 7,200. Akimeza 40 kwa siku, hizo ni siku 180, yaani miezi sita.

Kidonge humezwa pamoja na chakula chenye mafuta, la sivyo mwili haukifyonzi vizuri. Wakati wa Ramadhani, daktari anaweza kupanga kimezwe kwenye futari au daku.

Wengi hupona na kukaa miaka bila chunusi. Lakini wapo zinaowarudia, na wengine huhitaji kurudia matibabu. Anayeahidi kuwa hazitarudi abadan anatia chumvi.

Mimba: hapa hakuna mjadala

Hili ndilo jambo zito kuliko yote. Isotretinoini ikikutana na mimba inaweza kuiharibu, au mtoto akazaliwa na kasoro kubwa za ubongo, moyo, uso na masikio. Si lazima iwe dozi kubwa, na si lazima iwe kwa muda mrefu.

Ndiyo maana tangu 2006 Marekani ina mpango maalumu ambao daktari, duka la dawa na mgonjwa wote lazima wasajiliwe. Mwanamke anayeweza kushika mimba hupimwa kabla ya kuanza na katika kipindi chote cha matibabu, na hutakiwa kutumia njia mbili za kuzuia mimba kwa pamoja: kuanzia mwezi mmoja kabla ya kuanza dawa, wakati wote wa dawa, na mwezi mmoja baada ya kidonge cha mwisho. Baada ya mwezi huo dawa huwa imeshatoka mwilini, na mtu anaweza kutafuta mtoto.

Kwa msichana ambaye hajaolewa, swali la mimba mbele ya daktari linaweza kumtia haya, hasa kama amekaa pamoja na mama yake. Lakini swali hilo si tuhuma. Kila mwanamke anayepewa dawa hii huulizwa. Mtu ana haki ya kuomba azungumze na daktari faragha. Na kama anajizuia kabisa, aseme hivyo. Hata mpango wa Marekani unalikubali hilo, ila kipimo hufanywa vile vile.

Kwa wanaume hatari hii ya mimba haijathibitika. Kinachokatazwa ni kugawana vidonge na mke au dada. Na kwa yeyote, mwanamume au mwanamke, hakuna kuchangia damu wakati wa dawa mpaka upite mwezi mmoja baada ya kumaliza. Damu hiyo inaweza kuwekewa mjamzito.

Mwili utahisi nini?

Midomo kukauka na kupasuka ni kwa karibu kila mtu. Macho hukauka, pua inaweza kutoka damu, misuli na viungo vinaweza kuuma. Ngozi huungua upesi kwa jua. Kwa jua la Zanzibar, kofia au mtandio na krimu ya kujikinga na jua ni vya lazima.

Wiki za mwanzo chunusi zinaweza kuzidi kabla ya kupungua. Wengi hukata tamaa hapo.

Ndani ya mwili, dawa inaweza kupandisha mafuta kwenye damu na kusumbua ini. Kwa hiyo damu hupimwa kabla ya kuanza na tena baada ya wiki kadhaa.

Kuhusu akili, zipo taarifa za watu kupata huzuni kali wakiwa kwenye dawa. Tafiti kubwa hazijaonyesha wazi kwamba dawa yenyewe ndiyo inayosababisha, lakini tahadhari imebaki. Uingereza, Oktoba 2023, ilianza kutaka wataalamu wawili wakubaliane kabla ya kumpa aliye chini ya miaka 18. La kufanya nyumbani ni jepesi: mtu mmoja anayemwamini aambiwe, ili akiona mabadiliko aseme mapema.

Mambo mawili hayachanganywi nayo kabisa: doksisaiklini na dawa za jamii yake, maana kwa pamoja zinaweza kuongeza shinikizo ndani ya kichwa, na vidonge vya vitamini A.

Harusi ipo mwezi gani?

Sasa turudi kwa dada wa Kizimbani, maana kwake kalenda ndiyo inayoamua.

Kama harusi ni baada ya miezi mitatu na wanataka mtoto mara moja, huu si wakati wa isotretinoini. Atafika siku ya harusi katikati ya dozi, midomo imepasuka, na mimba ikiwa hatari. Pia wakati wa dawa na hadi miezi sita baadaye hushauriwa kutong'oa nywele kwa nta au sukari, kwa sababu ngozi huchubuka kirahisi. Hata singo ya kusugulia uso inaweza kumuumiza. Afadhali amwombe daktari dawa za kupaka ambazo hazina shida kwa anayetafuta mimba, kama benzoili peroksaidi au asidi ya azelaiki. Adapalini na spironolaktoni nazo ziachwe kabla ya kutafuta mimba.

Kama harusi ni baada ya mwaka na miezi kadhaa, hesabu inakubali: mwezi wa maandalizi, miezi sita ya dawa, mwezi wa kusubiri, kisha ngozi inapata muda wa kutulia. Na kama harusi imekaribia lakini wenyewe wamekubaliana kuchelewesha mtoto, mume mtarajiwa naye ajue, kwa sababu kinga ya mimba ni jukumu la wawili.

Aanzie wapi?

Aanzie kituo cha afya kilicho karibu na aombe rufaa kwa daktari wa ngozi. Mnazi Mmoja, mjini Unguja, ndiyo hospitali kuu ya rufaa Zanzibar. Tanzania Bara, hospitali ya KCMC mjini Moshi ina kituo cha kanda ambacho tangu miaka ya 1990 kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi mbalimbali za Afrika.

Akifika, maswali haya yatamsaidia:

- Chunusi zangu ni za aina gani, na zinaacha makovu?
- Kuna tiba nyepesi ambayo sijaitumia kwa muda wa kutosha?
- Nitapimwa nini kabla ya kuanza, na nirudi lini?
- Gharama yote, dawa pamoja na vipimo, itafika ngapi?
- Nikiona dalili mbaya, nimpigie nani?

Swali la gharama lisionewe aibu. Kuanza kisha kukwama mwezi wa pili kwa kukosa pesa ya vipimo si jambo la kuchezea. Kama fedha hazitoshi kwa safari nzima, daktari ajue mapema, apange njia nyingine.

Vidonge vinavyoletwa na ndugu kutoka Muscat au Dubai, au vinavyouzwa kwenye WhatsApp, haviji na vipimo wala daktari. Hata vikiwa halisi, havimwulizi anayevimeza kama ana mimba. Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA, ndio wenye kazi ya kusimamia dawa visiwani. Dawa inunuliwe kwenye duka lililosajiliwa, kwa cheti cha daktari.

Kuogopa dawa hii kupita kiasi nako kuna hasara: makovu yakishaingia, hakuna kidonge kinachoyafuta. Kwa mwenye chunusi kali, aliyepimwa na mwenye ratiba inayoruhusu, inaweza kuwa tiba bora aliyowahi kupata. Kwa anayetarajia mtoto mwaka huu, isubiri. Chunusi zitatibika hata mwakani.