Waridi na Kunde Ndani ya Ua Mmoja

Mama wa pwani ahamiaye bara na jamaa zake huchukua mambo mawili yasiyotiwa sandukuni: hamu ya waridi la kutia katika kikuba, na hamu ya mboga ya kunde iliyoungwa kwa tui. Akifika Kakamega hukuta udongo mwema na mvua tele, lakini aghalabu ua wenyewe ni mdogo, samadi ni debe moja au mawili, na mkono wa kufanya kazi ni wake peke yake. Hapo huuliza: je, kipambo na chakula vyaweza kulelewa pamoja?

Vyaweza, iwapo mlezi atatambua kwamba tabia zao hazifanani. Mwaridi husamehe kucheleweshwa, lakini hausamehe kusahauliwa. Kunde husamehe kusahauliwa, lakini hazisamehe kucheleweshwa. Mengi yanayoharibika bustanini hutokana na kuilea mimea hii miwili kwa desturi moja.

Njia ya pwani kwenda huko si ngeni. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wafanyabiashara Waswahili walikuwa wakifika Mumias, makao ya Nabongo, mfalme wa Wawanga, na hata leo jamii ya Kiislamu ya Mumias ni miongoni mwa zilizo kongwe magharibi mwa Kenya. Wala kunde haikuhitaji kupelekwa na mgeni. Waluhya huiita mboga hiyo likhubi, nao huiunga kwa maziwa pale ambapo sisi huiunga kwa tui. Jani ni lile lile, chungu ndicho kilichobadilika.

Hali ya nchi

Mji wa Kakamega uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi juu ya bahari, na hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Masika huanza Machi na kufikia Juni. Mvua za pili huja kati ya Agosti na Novemba. Desemba hadi Februari ndiyo miezi ya ukavu. Mara nyingi asubuhi huwa na jua, kisha mvua ya ngurumo ikashuka alasiri. Mvua nyingi namna hiyo huosha rutuba na kuuacha udongo ukiwa na uchachu. Haya yote huigusa mimea yetu miwili, ila kila mmoja kwa namna yake.

Jua na maji

Katika jua mimea hii yapatana. Mwaridi wataka saa 6 za jua kila siku, nayo kunde hupungua mazao ikifunikwa na kivuli. Kwa hiyo chini ya mwembe, mparachichi au migomba hapamfai yeyote kati yao.

Katika maji ndipo wanapoachana. Mwaridi hupenda unyevu usiokatika mizizini, lakini huchukia majani yaliyolowa. Jani likikaa na maji muda wa saa 7 hivi, kuvu wa madoa meusi hupata nafasi ya kuota. Jani huwa manjano, kisha huanguka. Basi mvua ya alasiri inayofuatwa na usiku wa ubaridi ni mtihani mkubwa kwa mwaridi wa Kakamega. Dawa ya kwanza ni nafasi: upandwe mahali penye upepo, mbali na ukuta, na matawi ya katikati yapunguzwe ili hewa ipite. Majani yenye madoa yaokotwe na kuchomwa. Wakati wa ukavu umwagiliwe asubuhi, shinani, si juu ya majani.

Kunde, kwa upande wake, huvumilia kiu. Adui yake ni maji yaliyotuama, kwani huozesha mizizi. Kwa ajili hiyo yafaa ipandwe juu ya matuta, hasa katika masika.

Udongo na mbolea

Wengi wetu hudhani kwamba chakula ndicho kilacho mbolea zaidi, na ua ni kitu cha kujiotea. Hapa mambo ni kinyume. Mwaridi ni mlaji. Uchimbiwe shimo la kina cha nusu mita, lichanganywe na samadi iliyooza barabara, kisha uongezewe kila baada ya miezi michache. Samadi mbichi ya kuku isitiwe, maana huunguza mizizi. Majivu kidogo ya jikoni hupunguza uchachu wa udongo.

Kunde hujilisha sehemu kubwa ya riziki yake. Katika mizizi yake mna vinundu vidogo vyenye bakteria wanaoichukua nitrojeni ya hewani na kuufanya mmea uitumie. Ukiijaza samadi, itakupa majani mengi na maganda machache. Anayetaka mboga tu hatapata hasara kubwa, lakini anayetaka punje atasikitika. Inachokihitaji zaidi ni fosforasi, ambayo katika udongo wa Kakamega ni adimu.

Basi yule mwenye debe moja la samadi asione haya kulipeleka kwenye mwaridi. Kunde haitakuwa imedhulumiwa.

Mkono na wakati

Mwaridi waweza kupandwa mwezi wowote, madhali pana maji, nao huishi miaka. Lakini kila wiki wakutaka: kukata maua yaliyonyauka, ambayo yakiachwa hugeuka matunda na kupunguza uchanuzi; kung'oa machipukizi yatokayo chini ya mahali ulipounganishwa; kupogoa tawi juu kidogo ya chipukizi litazamalo nje.

Kunde haikutaki kila wiki, ila yakutaka siku yake. Ipandwe mvua zinapoanza, punje ikae kina cha sentimita 3 hadi 5, mistari iachane sentimita 60. Palizi ya kwanza isipite wiki ya tatu. Majani huanza kuchumwa baada ya wiki 3 au 4. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako: mvua ikipita, huna pa kuirudisha.

Hatari iliyojificha

Lipo jambo moja ambalo kila mama analihitaji. Dawa za kunyunyizia maua, nyingine huingia ndani ya jani na kukaa humo kwa siku nyingi. Waridi halipikwi, hivyo mtu hunyunyiza bila wasiwasi. Upepo ukazipeleka kwenye kunde zitakazochumwa jioni na kuliwa na watoto. Kuosha hakutoshi. Ikiwa mimea hii iko katika ua mmoja, ni salama zaidi kuacha sumu kabisa: vidukari huondolewa kwa maji ya sabuni kidogo na kwa vidole. Akilazimika mtu kunyunyiza, asome kibandiko na azihesabu siku zilizoandikwa kabla ya kuchuma. Na petali zilizotiwa sumu zisiingie katika kikuba wala maji ya waridi.

Kuugawa ua

Waridi mbili au tatu zipewe pembe yenye upepo, karibu na mlango, kwa kuwa kikaacho karibu na jicho hakisahauliki. Kunde zipewe matuta ya wazi. Zikimaliza kuzaa, zisinyofolewe. Zikatwe juu ya ardhi, mizizi yenye vinundu ibaki kulisha mahindi au mchicha utakaofuata, na mabua yatandazwe shinani mwa mwaridi ili kuhifadhi unyevu. Hapo chakula hukilisha kipambo, na ua mdogo hukidhi haja zote mbili: chungu cha nyumbani na kikuba cha harusi.