Mzazi, usiuze kiwanja kabla hujamjua mdhamini wa mwanao

Mbagala, Tandika, Tegeta au Bunju, habari ya kijana kupata kazi nje ya nchi haikai siku mbili bila mtaa mzima kuijua. Nyumbani nako pilikapilika zinaanza. Baba anatafuta mnunuzi wa kiwanja cha Chamazi, mama anakopa kikoba, shangazi anaomba apewe zamu yake ya mchezo mapema. Pasipoti ya kielektroniki peke yake ni Sh150,000, bado vipimo vya afya, tiketi na ile inayoitwa hela ya wakala.

Kisha siku moja unaingia ujumbe ambao haukutarajiwa. Kampuni iliyokuwa imchukue kijana imenyimwa ruhusa ya kudhamini wafanyakazi kutoka nje, lakini imeomba uamuzi huo upitiwe upya, kwa hiyo familia isubiri. Wakati mwingine ujumbe huo unafuatana na ombi la kuongeza fedha kidogo za kufuatilia rufaa.

Hapo ndipo wazazi wengi wanapokwama. Rufaa hiyo ni ya nani? Inachukua muda gani? Na ikishinda, kijana anaondoka kesho yake?

Jambo la kwanza la kulishika ni hili: rufaa ya udhamini ni ya kampuni, si ya mwanao. Kampuni ndiyo iliyoomba, ndiyo iliyonyimwa na ndiyo inayosikilizwa. Kijana, ambaye maisha yake yote yamefungwa kwenye karatasi hiyo, kwa kawaida hana kiti katika kikao hicho.

Mdhamini ni nani hasa?

Ili kulielewa jambo hili, tuanze na utaratibu wa hapa hapa Tanzania. Hoteli ya Masaki ikitaka kumleta mpishi kutoka Thailand, inabanwa na Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Lazima kipatikane kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, kisha kibali cha ukaazi kutoka Idara ya Uhamiaji. Mwajiri anatakiwa aoneshe kwamba alitafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo akamkosa, na awe na mpango wa kumfundisha mzawa atakayeirithi kazi hiyo baadaye.

Kibali kikitoka, kinakuwa cha kazi ile kwa mwajiri yule. Mpishi hawezi kuamka asubuhi akahamia hoteli ya jirani kwa sababu wamemwongezea mshahara. Na kama hoteli yake imekataliwa tangu mwanzo, mpishi anabaki kwao Bangkok, hata kama anapika kuliko wote.

Sasa geuza picha. Mwanao ndiye mpishi, na hoteli iko Australia, Uingereza au Oman. Serikali ya huko haianzi kwa kumwangalia yeye. Inaanza kwa kumwangalia anayemwita.

Australia: milango mitatu

Australia ni mfano mzuri kwa sababu hatua zake ziko wazi. Kwa viza ya kawaida ya mfanyakazi mwenye ujuzi kuna milango mitatu, na kila mmoja una ufunguo wake.

Mlango wa kwanza, kampuni inaomba ikubalike kuwa mdhamini. Inatakiwa ithibitishe kwamba ni biashara halali inayofanya kazi kweli, na kwamba haina rekodi mbaya ya kuvunja sheria. Ikikubaliwa, kibali chake kinadumu miaka 5. Mlango wa pili, kampuni inaitaja nafasi yenyewe: ni kazi gani, mshahara kiasi gani, kwa nini inahitajika. Mlango wa tatu ndipo kijana anapoomba viza kwa jina lake.

Kampuni ikikwama mlango wa kwanza, inaweza kwenda kwenye Baraza la Mapitio ya Utawala, chombo kilichoanza kazi Oktoba 14, 2024 kuchukua nafasi ya baraza la zamani la rufaa za utawala. Baraza hili halitafuti tu kosa la ofisa aliyekataa. Linalitazama ombi upya, na kampuni inaruhusiwa kuleta nyaraka ambazo hazikuwepo mwanzo, kama hesabu za biashara, kumbukumbu za kodi au mikataba ya wafanyakazi iliyonao.

Kwa kampuni ya kweli iliyokosea kujaza fomu au kuchelewesha karatasi, hii ni nafasi nzuri ya kujitetea. Lakini mzazi aliyeko Tandika ajue mambo mawili. Mapitio yanaweza kuchukua miezi mingi, mara nyingine hata kupita mwaka. Pili, kampuni ikishinda imefungua mlango mmoja tu. Nafasi ya kazi bado itachunguzwa, na viza ya kijana bado itaombwa na inaweza kukataliwa.

Kwa hiyo wakala anayesema kampuni ikishinda rufaa kijana anapanda ndege wiki hiyo hiyo, ama haelewi utaratibu au anauelewa vizuri sana.

Uingereza: hakuna rufaa

Uingereza mambo ni tofauti. Kampuni inayotaka kuajiri kutoka nje inaomba leseni ya udhamini kwa Wizara ya Mambo ya Ndani. Ikinyimwa, sheria haikuipa haki ya kukata rufaa. Inaweza kuomba kosa la wazi lirekebishwe, inaweza kusubiri na kuomba upya, au inaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba mapitio. Mahakama nayo haiulizi kama kampuni inastahili leseni. Inauliza kama wizara ilifuata sheria na ilitumia akili ya kawaida ilipoamua.

Hivyo mtu akikwambia kwamba kampuni ya Uingereza iliyonyimwa leseni imekata rufaa na majibu yanatoka wiki ijayo, una kila sababu ya kuomba kuona karatasi.

Leseni ikishatolewa inaweza pia kufutwa. Machi 2025, Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 ilifuta leseni zaidi ya 470 za wadhamini katika sekta ya kuhudumia wazee na wagonjwa, na kwamba kampuni hizo zilihusishwa na wafanyakazi zaidi ya 39,000. Baadhi ya kampuni katika sekta hiyo ziliwaleta watu kutoka mbali, wakafika wakakuta kazi waliyoahidiwa haipo.

Mdhamini akifutiwa leseni, mfanyakazi kwa kawaida hupewa siku 60 za kupata mdhamini mwingine, kuomba ruhusa ya aina nyingine au kuondoka nchini. Siku 60 si nyingi kwa mtu aliyefika juzi, anayedaiwa kikoba Mbagala na ambaye hata ramani ya mji hajaijua.

Na mahakama imeshalitolea neno. Mwaka 2025, katika kesi ya Prestwick Care, kampuni yenye nyumba za kutunzia wazee kaskazini mashariki mwa England, Mahakama ya Rufani ilisema wizara hailazimiki kupima madhara yote yatakayowapata wafanyakazi na wazee wanaohudumiwa kabla ya kuifutia kampuni leseni. Kwa maneno mengine, kijana anaweza kuwa hajakosea chochote, anafika kazini mapema, wazee wanampenda, na bado akaipoteza kazi kwa kosa la mwajiri.

Jambo jingine la kulijua ni kwamba tangu Julai 22, 2025, njia hiyo ya viza kwa wahudumu wa wazee na wagonjwa haipokei waombaji wapya walioko nje ya Uingereza. Anayeendelea kuchangisha fedha Temeke au Kinondoni kwa ajili ya nafasi hizo anauza mlango uliofungwa.

Australia walau imelegeza kidogo. Tangu Julai 1, 2024, mfanyakazi aliyeachana na mdhamini wake anapewa hadi siku 180 kwa mara moja kutafuta mwingine.

Ghuba: mdhamini ni familia

Kwa familia nyingi za Dar es Salaam, safari haiendi London wala Sydney. Inaenda Muscat, Dubai, Doha au Riyadh, na anayeondoka mara nyingi ni binti anayekwenda kufanya kazi za ndani. Huko mdhamini ni kafili, na kwa kazi za ndani kafili ni familia anayoishi nayo.

Hapa hakuna baraza linalokaa kuipima familia hiyo mbele ya watu. Ndiyo maana ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya Novemba 2017 iliwagusa wazazi wengi. Shirika hilo lilizungumza na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu. Wengi walieleza kunyang'anywa pasipoti, kufanya kazi saa nyingi bila mapumziko na kulipwa pungufu ya walichoahidiwa, au kutolipwa kabisa. Aliyekimbia bila ruhusa ya mwajiri alijiweka kwenye hatari ya kushtakiwa kwa kutoroka.

Kinga ya binti huyu inajengwa kabla hajaondoka. Anayetafutia watu kazi anatakiwa kuwa na leseni ya wakala wa ajira, na mkataba unatakiwa upitie mikono inayotambulika, ukiwamo ubalozi wa Tanzania katika nchi anayokwenda. Binti anayepitishwa kwa viza ya kutembelea, au anayeambiwa mkataba atausaini akifika, anaondoka bila kinga hiyo.

Udhamini hauuzwi

Wazazi wengi wamezoea kwamba kazi ya nje ina bei. Sheria za nchi nyingi zinasema vingine. Australia, kudai au kupokea malipo ili mtu apewe udhamini ni kosa tangu Desemba 2015. Uingereza, tangu Desemba 31, 2024, mwajiri haruhusiwi kumbebesha mfanyakazi mwenye ujuzi gharama ya leseni ya udhamini wala ya cheti cha udhamini. Shirika la Kazi Duniani nalo, katika Mkataba wake namba 181 wa mwaka 1997, limeweka msingi kwamba wakala binafsi asimtoze mtafuta kazi.

Kijana atalipia pasipoti yake na, kulingana na nchi na mkataba, huenda akalipia viza au nauli. Lakini rufaa ya kampuni ni gharama ya kampuni. Hakuna sababu ya mama ntilie wa Mwananyamala kuchangia wakili wa kampuni ya Melbourne.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa hela

Kwanza, jina kamili la kampuni itakayomwajiri kijana ni lipi? Si jina la wakala, ni la mwajiri. Wakala asiyeweza kulitaja asipewe hata nauli ya daladala.

Pili, je, kampuni hiyo tayari ni mdhamini? Kwa Uingereza, orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya serikali, bila malipo, ikiwa na jina la kampuni na mji wake. Kijana anaweza kuitafuta kwa simu akiwa amekaa sebuleni. Kwa Australia, mamlaka ya mipaka hutangaza majina ya wadhamini walioadhibiwa.

Tatu, wakala ana leseni? Swali hili lipelekwe ofisi ya kazi au Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA. Kwa walioko Zanzibar, mamlaka ya kazi ya huko ina utaratibu wake.

Nne, kama kweli kuna rufaa, karatasi iko wapi? Barua ya kukataliwa inaonesha tarehe na sababu, na chombo cha mapitio hutoa uthibitisho wa kupokea ombi. Soma sababu hizo. Kampuni iliyokataliwa kwa kukosa karatasi moja si sawa na iliyokataliwa kwa sababu haina biashara.

Tano, mkataba uko wapi, na mshahara, saa za kazi na makazi vimeandikwa? Nakala ya mkataba, pasipoti na viza ibaki nyumbani, pamoja na namba ya simu ya ubalozi.

Ukibaini umedanganywa, usinyamaze kwa aibu ya majirani. Kumdanganya mtu kuhusu kazi ili asafirishwe akanyonywe ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008. Polisi wanapaswa kulipokea, na ujumbe wa simu pamoja na risiti za kutuma fedha ni ushahidi.

Wakati wa kusubiri

Kama kampuni ni ya kweli na imeomba mapitio kweli, kusubiri si vibaya. Kibaya ni kusimamisha maisha. Kijana asiache kazi aliyonayo, asiache chuo, na kiwanja kisiuzwe kwa ajili ya uamuzi ambao haujatoka. Fedha iliyokwishachangwa na ikae kwa jina la familia, si kwa wakala.

Na aliyekwisha kuondoka aulizwe kila mara swali moja ambalo wazazi husahau kwa furaha ya kupokea picha za theluji: mdhamini wako bado ana leseni? Akijua mapema kwamba mambo si shwari, ataanza kutafuta mwajiri mwingine kabla siku zake 60 hazijaanza kuhesabiwa.