Elimu ya uraia (3): Betri za redio anunue nani?

Desemba 2025 serikali ya Sweden ilitangaza kwamba inaondoa misaada yake ya maendeleo katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, ili fedha zaidi ziende Ukraine. Miezi mitano kabla ya hapo, Julai 1, shirika la misaada la Marekani, USAID, lilikuwa limefungwa rasmi. Waliosoma sehemu mbili zilizotangulia wanajua jinsi asasi zetu za elimu ya uraia zilivyoishi kwa mifuko ya namna hiyo. Sasa zinatazamana, na kila anayekutana nami ananiuliza pesa itatoka wapi.

Nitafika huko. Lakini jina la Sweden likitajwa kando ya elimu ya uraia, mimi sina budi kurudi nyuma, kwa sababu kuna kazi iliyofanyika hapa kwetu miaka ya 70, Wasweden wakachangia gharama zake, na tangu siku hizo sijaona ya kuifikia.

Tuanze kwao. Mwaka 1902, mjini Lund, mwalimu Oscar Olsson alianzisha vikundi vya kujisomea ndani ya chama cha watu walioapa kuacha pombe. Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi: watu wachache wa kawaida, kitabu kimoja, na maongezi. Hakuwapo mhadhiri. Vyama vya wafanyakazi navyo vikaufuata. Serikali ilipoanza kutoa ruzuku mwaka 1912, ilitoa pesa ya vitabu, kwa sharti kwamba kikundi kikimaliza kukisoma kitabu, umma nao uruhusiwe kukiazima. Sharti hilo nalipenda kupita kiasi, na rafiki zangu wamechoka kulisikia. Pesa ya umma ilinunua kitu kinachobaki kijijini baada ya watu kutawanyika.

Hapa Tanzania mbegu hiyo iliangukia udongo wake wenyewe. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Dar es Salaam ilijaribu mwaka 1969 kwa vikundi vichache vya kusikiliza redio, ikiviita Kupanga ni Kuchagua, vijadili Mpango wa Pili wa Miaka Mitano. Mwalimu Nyerere akautangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kwa kuwa ulikuwa pia mwaka wa uchaguzi mkuu, ikaja kampeni ya Uchaguzi ni Wako. Mwaka 1971, nchi ikitimiza miaka kumi ya uhuru, ikafuata Wakati wa Furaha. Kisha 1973 ikaja ile kubwa, Mtu ni Afya, iliyokusanya watu karibu milioni 2. Chakula ni Uhai ikafuata mwaka 1975.

Watu wengi wakisikia "kampeni" hufikiria magari ya vipaza sauti. Haikuwa hivyo. Chukua Mtu ni Afya. Ilidumu wiki 12. Wenyeji wa kitongoji walikutana mara moja kwa wiki, wakawasha redio na kusikiliza kipindi cha Radio Tanzania. Kipindi kikiisha, mmoja alisoma kwa sauti sura ya wiki ile katika kitabu kidogo chenye Kiswahili chepesi na picha, kwa kuwa wengi waliokuwapo walikuwa hawajui kusoma. Halafu ndipo kazi yenyewe ilipoanza: je, hapa kwetu mambo yako hivyo? Nani ana choo, nani hana? Dimbwi lile la nyuma ya kisima nani alifukie, na lini? Walichokubaliana kilikuwa deni la kila mmoja mbele ya jirani zake. Malaria, kichocho, safura na kuhara havikujadiliwa kama habari za kitabuni. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu.

Viongozi wa vikundi kama 75,000 walifundishwa kwa ngazi: wachache wa taifa waliwafundisha wa mikoa, wa mikoa wakawafundisha wa wilaya, hadi kufikia mtu anayeongoza jirani zake chini ya mwembe. Hakutakiwa kuwa msomi. Alifundishwa asihutubie, aulize, na amngoje yule bibi wa nyuma ambaye bado hajasema neno. Watumishi wetu wa leo wenye shahada mbili wangeumia sana kwenye mafunzo hayo.

Kuna atakayeniuliza: hiyo si propaganda ya chama kimoja? Kwa sehemu ilikuwa hivyo, wala sifichi. Uchaguzi wa 1970 ulikuwa na mgombea mmoja wa urais, na kwenye majimbo wagombea wawili wa chama kile kile walipewa alama za jembe na nyumba. Vitabu havikufundisha namna ya kukipinga chama. Lakini mtu akishazoea kumuuliza mwenyekiti wake kuhusu kisima, huwezi kumpangia kwamba ataishia hapo. Ninachokitetea ni ule utaratibu, si mstari wa chama uliopitishwa humo.

Sasa linganisha na tulichokifanya kwa pesa za wafadhili tangu vyama vingi virudi mwaka 1992. Sisemi hakuna kazi njema, ipo. Ila nimekaa kwenye semina ya uraia, katika ukumbi wa hoteli ambayo sitaitaja, ambapo mada ya mapato na matumizi ya kijiji ilikatwa nusu ili watu wawahi kusaini karatasi ya posho. Tuliondoka na fulana, kofia na begi. Kitabu hakikuwapo. Mradi wa miezi sita ukiisha, kinachobaki ni bango lenye nembo ya mfadhili, linalotumika kufunikia kuni.

Kenya wametutangulia kwa maandishi: Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka kila kaunti iwe na mpango na kitengo cha elimu ya uraia. Sheria bila fungu ni nusu ya kazi, lakini walau mwananchi ana pa kushika.

Kwa hiyo nani atoe pesa? Jibu langu litawaudhi wenye asasi: halmashauri, kutoka mapato yake ya ndani. Tayari sheria inazitaka zitenge asilimia 10 kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na pamoja na kusimamishwa kwake mwaka 2023 kabla ya kurejeshwa, hakuna tena anayeshangaa kwamba jambo hilo linawezekana. Naomba nusu ya asilimia moja tu. Iwe ya vitabu, betri na nauli za kuwafundisha viongozi wa vikundi. Posho ya kikao isiwemo hata senti. Redio za jamii tunazo, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima bado ipo. Vikundi vianze na jambo moja: mkutano mkuu wa kijiji, ambao sheria inataka ufanyike kila miezi mitatu na taarifa ya fedha isomwe. Vijiji vingapi mnavyovijua wenyewe husomewa taarifa hiyo?

Sweden yenyewe imepunguza ruzuku ya vikundi vyake vya kujisomea tangu 2024, kwa hiyo tusikae kumngoja mwalimu ambaye naye kwao anabana matumizi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na mapendekezo ya vijiji hupitia kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata miezi mingi kabla ya tarehe hiyo. Msomaji uliye mjumbe wa serikali ya kijiji, au unayemfahamu mmoja wao, hakikisha fungu la vikundi vya kujisomea limeandikwa kwenye muhtasari wa kikao chenu kijacho, na diwani wenu aulizwe mbele ya watu aliishia nalo wapi.