Lebo za Bei Rahisi Zinavyoweza Kufunga Mtaji

MFANYABIASHARA anayefungasha bidhaa katika Kanda ya Ziwa huulizwa swali moja kila anapokwenda kwa mpiga chapa kuagiza lebo au mifuko yenye jina lake: anataka ngapi? Akitaja idadi ndogo, bei ya lebo moja huwa kubwa. Akitaja idadi kubwa, bei hushuka, wakati mwingine kukaribia nusu. Wengi huchagua idadi kubwa wakiamini kuwa wameokoa fedha.

Hata hivyo, ipo hesabu nyingine ambayo mpiga chapa haiandiki katika karatasi yake ya bei. Gharama halisi ya lebo haipimwi kwa idadi iliyochapwa, bali kwa idadi iliyobandikwa kwenye bidhaa ikauzwa. Lebo iliyobaki stoo baada ya kupitwa na wakati haina mnunuzi mwingine. Ina jina lako, anwani yako na uzito wa bidhaa yako, hivyo haiwezi kurudishwa wala kuuzwa kwa jirani.

Kwa nini bei hushuka

Katika uchapaji, sehemu kubwa ya gharama hutokea kabla lebo ya kwanza haijatoka. Katika mashine ya ofseti kila rangi huhitaji pleti yake, na picha ya rangi kamili kwa kawaida hutumia rangi nne. Kuna pia usanifu, kupanga mashine, na karatasi zinazoharibika wakati rangi zinarekebishwa. Gharama hizi hubaki karibu zile zile, uchape 1,000 au 50,000. Zikigawanywa kwa idadi kubwa, kila lebo hubeba sehemu ndogo.

Mifuko ya plastiki iliyochapwa moja kwa moja juu yake ina gharama kubwa zaidi ya mwanzo. Kazi hiyo mara nyingi hufanywa kwa silinda za chuma zilizochongwa, moja kwa kila rangi, na ndiyo sababu viwanda hukataa oda ndogo. Kwa upande mwingine, mashine za dijitali hazihitaji pleti. Bei yake kwa lebo moja iko juu, lakini mtu anaweza kuagiza mia chache tu.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano wa mfungashaji wa dagaa anayenunua Mwaloni, Kirumba, na kuuza paketi za gramu 200. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Msomaji aweke zake. Anauza paketi 1,500 kwa mwezi na amepewa bei mbili:

Oda A: lebo 5,000 kwa shilingi 100 kila moja, jumla shilingi 500,000.
Oda B: lebo 20,000 kwa shilingi 60 kila moja, jumla shilingi 1,200,000.

Akizitumia lebo zote 20,000 bila badiliko lolote, Oda B itamwokolea shilingi 800,000 ukilinganisha na kununua zile zile kwa shilingi 100. Hilo si jambo dogo, lakini itamchukua zaidi ya miezi 13 kuzimaliza.

Sasa tuseme baada ya miezi sita lebo inalazimika kubadilika. Atakuwa ametumia 9,000 na kubakiwa na 11,000 za kutupa. Shilingi 1,200,000 zikigawanywa kwa lebo 9,000, kila moja imemgharimu shilingi 133. Oda iliyoonekana rahisi imekuwa ghali kuliko ile ya shilingi 100.

Mahali pa kusawazika ni rahisi kupata. Gawanya gharama yote ya oda kubwa kwa bei ya lebo moja ya oda ndogo: 1,200,000 kwa 100 ni lebo 12,000. Kwa mauzo ya paketi 1,500 kwa mwezi, hiyo ni miezi minane. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: je, nina hakika kwamba lebo hii haitabadilika kwa miezi minane, na kwamba mauzo hayatashuka? Kama jibu ni ndiyo, agiza kubwa. Kama ni "pengine", agiza ndogo.

Fedha iliyolala

Kuna jambo jingine. Tofauti ya oda hizo mbili siku ya kulipa ni shilingi 700,000. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mkubwa dagaa hawakusanyiki kwenye taa, na mitumbwi mingi hupumzika. Mwenye fedha mkononi hununua wakati wa giza mzigo unapokuwa mwingi, naye huuza mbalamwezi unapopungua. Mvua nazo huzuia uanikaji na kupunguza dagaa wakavu wazuri sokoni. Mfungashaji ambaye laki saba zake zimelala katika maboksi ya lebo atautazama mzigo ukipita. Faida anayoikosa hapo nayo ni sehemu ya gharama ya lebo.

Nini hubadilisha lebo

Wengi hudhani lebo yao haitabadilika. Miaka ya karibuni inaonyesha vinginevyo.

Mwezi Februari 2017 serikali ilitangaza kupiga marufuku pombe kali ya viroba, na marufuku ikaanza Machi 1 mwaka huo. Mwezi Aprili 2019 ikatangazwa marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, nayo ikaanza Juni 1, 2019. Mwaka huo huo wa 2019 kazi ya kusimamia chakula na vipodozi ilihamishwa kutoka TFDA kwenda Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na TFDA ikawa TMDA inayoshughulikia dawa na vifaa tiba. Lebo ya chakula iliyochapwa ikitaja TFDA ikawa inataja ofisi isiyohusika tena na chakula. Mara zote tatu, muda kati ya tangazo na utekelezaji ulikuwa mfupi kuliko stoo ya mtu aliyeagiza vifungashio vya mwaka mzima.

Mabadiliko ya kawaida ni mengi zaidi: kuhama jengo, namba ya simu, kupata leseni ya TBS, mnunuzi wa duka kubwa kutaka gramu 250 badala ya 200, au kugundua kuwa jina lina mwenyewe. Hili la mwisho huumiza sana. Kusajili jina la biashara hakutoshi kulinda nembo ya bidhaa. Alama ya biashara husajiliwa peke yake BRELA. Usajili wa Tanzania Bara hudumu miaka saba, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka kumi. Ni busara kuuliza BRELA kama jina liko wazi kabla ya kulipia pleti.

Ndiyo maana haifai kuiga viwanda vikubwa. TANICA ya Bukoba imeuza Africafé kwa miongo mingi, na mkebe wake mlaji anautambua kwa mbali. Kiwanda cha namna hiyo kinaweza kuagiza kwa wingi bila hofu. Bidhaa yenye umri wa miezi sita bado inatafuta sura yake.

Namna ya kuagiza

Kwanza, chagua kifungashio kabla ya lebo. Dagaa wana mafuta, na hewa na unyevu huwaharibu na kuwatia harufu mbaya. Karatasi peke yake haitoshi. Inahitajika mifuko inayozuia hewa na unyevu. Kwa anayeanza, njia yenye hatari ndogo ni kununua mifuko mitupu inayofaa chakula na kubandika lebo ya stika. Biashara ikibadilika, mifuko mitupu bado inatumika. Kwa samaki wa baridi, mwambie mpiga chapa kuwa lebo itakaa kwenye barafu, kwani karatasi ya kawaida hulowa na gundi ya kawaida haishiki kwenye ubaridi.

Pili, ondoa katika uchapaji wa rangi kila kinachobadilika. Tarehe ya kutengenezwa, mwisho wa matumizi na namba ya bechi viachiwe nafasi nyeupe na vipigwe muhuri siku ya kufungasha. Kama unauza uzito wa aina mbili, uliza kama uzito nao unaweza kuwekwa hivyo. Lebo yenye mambo ya kudumu pekee huishi muda mrefu, na hapo ndipo oda kubwa huanza kuwa na maana. Lakini kubandika stika juu ya maandishi yenye makosa ni jambo la kuuliza TBS kwanza.

Tatu, hakikisha yanayotakiwa yamo. Kwa chakula kilichofungashwa, lebo itaje jina la chakula, viambato kuanzia kilicho kingi kwa uzito, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji au mfungashaji, nchi kilikotoka, namba ya bechi, tarehe, na namna ya kuhifadhi. Vitu vinavyodhuru baadhi ya watu, kama karanga, maziwa na samaki, lazima vionekane. Alama ya ubora ya TBS isichapwe kabla ya leseni kutoka. Mjasiriamali mdogo aanzie SIDO, ambako atapata maelekezo na barua ya utambulisho. Uzito unasimamiwa na Wakala wa Vipimo. Dagaa ambao hawakukauka vizuri huendelea kupoteza maji, na paketi ya gramu 200 ikawa pungufu dukani.

Nne, kama unalenga maduka makubwa, tenga nafasi ya alama za mistari, yaani bakodi. Namba zinazotolewa na GS1 Tanzania huanza na 620. Ukubwa wa kawaida ni kama milimita 37 kwa 26. Mistari iwe myeusi juu ya nyeupe. Mistari myekundu haisomeki, kwa sababu mashine nyingi za dukani husoma kwa mwanga mwekundu.

Mkataba na mpiga chapa

Bei iwe kwa maandishi na itenganishe usanifu, pleti na uchapaji. Mkiitenganisha, oda ya pili haitalipia pleti tena, na kuagiza kidogo kidogo kutapungua makali. Iandikwe nani anamiliki pleti au silinda, na kwamba faili la usanifu utapewa wewe. Mwenye faili lake anaweza kuhamia kwa mpiga chapa mwingine. Asiye nalo huanza upya.

Usikubali rangi kwa kutazama kompyuta. Kioo hutoa mwanga, wino hautoi. Omba sampuli iliyochapwa kwenye karatasi au plastiki ile ile, ibandike kwenye kifungashio chenyewe, uiache siku kadhaa kwenye baridi au unyevu itakakokaa. Mpe mtu mwingine aisome neno kwa neno kabla ya kutia saini, kwani baada ya saini kosa ni lako.

Kubalianeni pia asilimia ya lebo zinazoweza kupungua au kuzidi, siku ya kukabidhi, na nani anabeba hasara zikichelewa. Kama kazi inafanyika Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, nauli iingizwe katika bei ya lebo moja kabla ya kulinganisha na mpiga chapa wa Mwanza. Dai risiti ya EFD.

Mwisho, wafungashaji wawili au watatu wanaweza kuungana na kuchapa lebo zao kwenye karatasi moja kubwa ya ofseti, kila mmoja akachukua zake. Gharama ya kupanga mashine hugawanywa, bei hushuka, na hakuna anayebaki na lebo za mwaka mzima. Lebo ikae mahali pakavu pasipo joto kali, maana gundi nayo huzeeka.

Kwa bidhaa mpya, oda ya kwanza isizidi mauzo ya miezi mitatu au minne. Lebo ikishapita misimu miwili ya soko bila kuguswa, ndipo mfanyabiashara arudi kwa mpiga chapa na kuuliza bei ya 20,000.