Kauri za Kitui hazikuletwa na bahari

Kila nikienda Wote au Kitui mjini, watu wakishajua mimi ni wa Pwani huniuliza kama ni kweli bahari iliwahi kufika kwao. Ushahidi wao huwa ni kauri: moja iliyokuwa kwenye kibuyu cha marehemu bibi, nyingine kwenye mkanda wa zamani.

Jibu langu ni hapana, na kauri yenyewe ndiyo shahidi.

Ninazoonyeshwa nyingi ni zile ndogo, zenye urefu wa kama sentimita 2, mgongo mweupe wa kijivujivu na duara la rangi ya dhahabu juu yake. Jina lake la kitaalamu ni Monetaria annulus, na annulus ni pete. Linnaeus ndiye aliyempa jina hilo mwaka 1758. Sisi tunaita kauri, simbi au kete. (Neno kete limebaki kwenye bao hata siku hizi ambapo wengi wetu tunachezea komwe.)

Igeuze uione tumboni. Mlango ni ufa mwembamba wenye meno pande zote mbili. Konokono wengi wa baharini wana kifuniko cha kufunga mlango. Huyu hana, kinga yake ni ufa huo. Akiwa mchanga, gamba lake ni jembamba na mlango ni mpana, hata huwezi kumtambua. Akikomaa mdomo hujikunja ndani, meno huota, na tangu hapo harefuki tena, gamba huzidi unene tu.

Mng'ao nao una sababu. Anapotembea, ngozi laini hutoka kwenye ufa kwa pande mbili na kulifunika gamba mpaka mgongoni. Ngozi hiyo huliongezea chokaa na kulikinga lisikwaruzwe wala kuota mwani. Akishafa, mchanga, jua na mawimbi hulifubaza gamba. Kwa hiyo kauri inayong'aa kama kioo ilichukuliwa na mwenyewe akiwa hai, au ndiyo kwanza amekufa.

Makao yake wanayajua wote wanaochokoa pweza. Bamvua likitoa maji, yuko kwenye miamba tambarare, chini ya mawe, kwenye vidimbwi na nyasi za baharini, akila mwani. Jike huyafunika mayai yake kwa mwili wake. Ukigeuza jiwe na kuliacha hivyo, mayai hubaki juani, basi kizazi hicho kimekwisha.

Sasa, Kitui mjini ni zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Yako mawe ya chokaa upande wa Mutomo, na asili ya chokaa hiyo ni tope la bahari ya kale. Lakini bahari hiyo ni ya zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na tope lake lilizama chini ya ardhi likapikwa na kukandamizwa hadi likawa marumaru. Kauri hawakuwapo duniani wakati huo.

Aliyezipandisha ni Mkamba mwenyewe. Katika karne ya 19 misafara ya Ukambani ilishuka Mombasa na pembe za ndovu, ikarudi na nguo, shanga, nyaya za shaba na kauri. Kivoi wa Kitui alikuwa mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa njia hiyo. Krapf alikuwa mgeni wake mwaka 1849, safari aliyouona Mlima Kenya. Ndiyo maana kauri nyingi za huko zina tundu au mgongo uliokatwa: ni kazi ya mshonaji, mawimbi hayakati hivyo. Miaka hiyohiyo ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg walianza kuzisomba kutoka Zanzibar na pwani hii kwenda Afrika Magharibi, zilikotumika kama fedha, kwa wingi uliokuja kuzishusha thamani.

Zinazouzwa leo kwa mapambo zinang'aa mno, na msomaji ameshaelewa maana yake. Katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, ni marufuku kuokota hata gamba tupu, kwani kuna kaa wadogo wanaohamia humo. Nje ya hifadhi, rafiki zangu wa Makueni wakiniagiza kauri za kushonea huwapelekea zilizofifia nilizookota ufukoni. Hulalamika kidogo, kisha huzipaka mafuta.