Alama 75 Haisemi Yote: Jinsi ya Kusoma Tahakiki za Gemu

Vijana wanaojaa kwenye mabanda ya gemu ya Kharumwa, wilayani Nyang'hwale, jioni, wengine wakiwa na vumbi la maduara ya dhahabu bado miguuni, hawana haja ya mhakiki. Gemu nzuri kwao ni ya mpira, basi. Aliyefungwa anaachia pedi, aliyeshinda anaendelea, foleni inasogea. Wengi wamekulia kwenye gemu za Konami, kampuni ya Japani iliyotuletea Winning Eleven na PES, hata kama jina la kampuni hiyo walikuwa wakiliruka kwa kubonyeza kitufe ili wawahi mechi.

Gemu ya mpira haina ugumu wa kuhukumiwa. Ukiicheza dakika kumi umeshaijua. Kazi ipo kwenye gemu za kisa, hasa aina ambayo Wajapani wameipa sura: unamwongoza mhusika mmoja katika safari ndefu, mapigano ni ya papo kwa papo kwa vidole vyako, na mhusika anaongezeka nguvu na maarifa kadiri anavyoshinda. Safari hiyo inaweza kuchukua saa nane au saa hamsini. Huwezi kuionja bandani kwa mechi moja, na bei yake si ya kubahatisha. Ndiyo maana mwenye PS5 yake Kahama au kompyuta yake Geita mjini hutazama kwanza wahakiki wamesemaje. Anakuta namba, tuseme 70, na pembeni yake maneno kwamba gemu imepokewa kwa maoni mchanganyiko. Anahitimisha palepale: hii ni ya kawaida, hela yangu ibaki mfukoni.

Hitimisho hilo mara nyingi si sahihi. Kuonyesha kwa nini, nachukua gemu mbili: moja ya Japani ya mwaka 2010, na nyingine ya mwaka 2024 ambayo inazungumza Kiswahili.

Namba inavyopatikana

Mtandao unaotegemewa zaidi kwa alama hizi ni Metacritic, ulioanza Marekani mwaka 2001. Unakusanya tahakiki za majarida na kugeuza kila alama iwe katika mia: nyota nne kati ya tano zinakuwa 80, saba kati ya kumi inakuwa 70. Kisha unatafuta wastani, lakini si ule wa darasani. Baadhi ya majarida yanapewa uzito kuliko mengine, na orodha ya uzito huo haitolewi hadharani. Tahakiki ya gemu isiyo na alama, hata iwe imeandikwa kwa ustadi namna gani, haimo kwenye hesabu.

Matokeo hupewa rangi. Kwa gemu, 75 na kuendelea ni kijani, 50 hadi 74 ni njano, chini ya hapo ni nyekundu. Njano ndiyo inayoitwa maoni mchanganyiko. Kwa filamu, mtandao huohuo unaanza kijani kwenye 61. Kwa hiyo filamu yenye 70 inasifiwa, na gemu yenye 70 inatiliwa shaka, ingawa namba ni ileile.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Wahakiki watano wanaipa gemu ya kwanza 75 kila mmoja. Gemu ya pili wanaipa 95, 90, 75, 60 na 55. Jumla ni 375 kwa zote mbili, na wastani ni 75 kwa zote mbili. Gemu ya kwanza haijamuudhi mtu wala kumsisimua. Ya pili imegawanya watu: wapo walioipenda kupita kiasi na wapo waliochoka nayo. Mchimbaji mdogo hapa Nyang'hwale angelielewa hili bila kufundishwa. Ukichanganya unga wa mawe ya maduara mawili kabla ya kupima, utapata gramu kwa tani za mchanganyiko, lakini umepoteza habari uliyoihitaji kuliko zote: duara lipi lina dhahabu.

Wajapani wenyewe wana utaratibu mwingine. Jarida la Famitsu, lililoanzishwa mwaka 1986, huwapa wahakiki wanne gemu moja, kila mmoja anatoa alama yake kati ya kumi, na jumla inakuwa kati ya 40. Namba nne zote zinachapishwa. Msomaji anaona kama wamekubaliana au wamepingana, na ugomvi wao haufichwi ndani ya wastani.

Mtu anaweza kusema hizi ni hesabu za wapenda gemu tu. Sivyo. Mwaka 2010 studio ya Obsidian ya Marekani ilitengeneza Fallout: New Vegas kwa mkataba wenye bonasi iwapo gemu ingefikisha 85 Metacritic. Ilipata 84. Mmoja wa wakuu wa studio hiyo alieleza baadaye hadharani kwamba bonasi haikulipwa. Alama moja ya wastani iliamua malipo ya watu waliokwisha kufanya kazi.

NieR: gemu iliyohukumiwa mapema

Mwaka huohuo wa 2010 kampuni ya Square Enix ilitoa NieR, iliyotengenezwa na studio ya Cavia chini ya mwongozaji Yoko Taro. Nje ya Japani, mhusika mkuu alikuwa baba wa makamo anayehangaika kutafuta dawa ya binti yake, Yonah, mwenye ugonjwa usiotibika. Anafuatana na kitabu kinachosema, chenye maringo kuliko mfalme. Kwenye Metacritic ilipata alama chini kidogo ya 70: njano.

Ukisoma tahakiki zenyewe unaona mgawanyiko ulikuwa wazi. Muziki wa Keiichi Okabe ulisifiwa sana, na kisa kilisifiwa. Waliolalamika walisema picha zimepitwa na wakati, na kazi za pembeni ni za kutumwatumwa: lete hiki, peleka kile, rudi tena. Kuna mwandishi wa Marekani aliyekwama kwenye sehemu ya kuvua samaki, akaiacha gemu, akaandika kwa nini ameiacha badala ya kuihakiki.

Lakini uzito wa NieR uko mbele ya hapo. Ukiimaliza mara ya kwanza umewaua viumbe weusi kwa mamia ukiamini ni mashetani. Ukiianza upya, gemu inakurudisha katikati ya safari, na mara hii unaelewa viumbe hao wanachosema. Yule uliyemkata kwa upanga bila kufikiri, sasa unamsikia akimlilia mwenzake. Vita ni vilevile na vitufe ni vilevile, ila wewe ndiye uliyebadilika kutoka mwokozi kuwa muuaji. Mhakiki mwenye siku chache kabla ya tarehe ya kuchapisha, na gemu nyingine tatu mezani, ana sababu gani ya kuicheza mara mbili?

Cavia ilivunjwa mwaka huohuo. Yoko Taro aliendelea, na mwaka 2017 akaja na NieR: Automata, safari hii na studio ya PlatinumGames yenye ustadi wa mapigano. Ilipata 88 kwenye PS4 na kuuza mamilioni ya nakala. Mwaka 2021 ile ya kwanza ilitengenezwa upya, ikavuka 80. Sehemu ya ongezeko hilo ni haki ya mafundi, maana mapigano yalirekebishwa kweli. Sehemu nyingine ni kwamba wahakiki walikuwa wameshajua cha kutafuta.

Zau: gemu inayosema Kiswahili

Tarehe 23 Aprili 2024 ilitoka Tales of Kenzera: Zau. Aliyeibuni ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye wacheza gemu wanamjua kwa sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017. Alianzisha studio yake, Surgent, na kuitengeneza gemu hii kutokana na msiba wa baba yake. Mchapishaji alikuwa Electronic Arts, kampuni iliyotengeneza FIFA kwa miaka mingi.

Kijana Zuberi amefiwa na baba, ameachiwa kitabu. Ndani ya kitabu kuna Zau, mganga chipukizi ambaye naye amefiwa na baba. Zau anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa kifo: nikukamatie mizimu mikuu mitatu, unirudishie Baba. Anapigana kwa vinyago viwili. Kinyago cha jua ni cha moto na mapigano ya karibu. Kinyago cha mwezi ni cha barafu na mashambulizi ya mbali. Unabadilisha kimoja hadi kingine katikati ya pigo. Mchezaji anaweza kuchagua wahusika wazungumze Kiswahili, jambo ambalo ni nadra sana katika gemu za kiwango hiki.

Gemu hii si ya Kijapani, lakini uti wake wa mgongo umetoka huko. Mtindo wa kuzunguka ramani inayotazamwa kutoka ubavuni, kurudi ulikopita baada ya kupata uwezo mpya, na kumjenga mhusika taratibu, ulitengenezwa na Metroid ya Nintendo mwaka 1986 na Castlevania: Symphony of the Night ya mwaka 1997. Hiyo ya pili ni ya Konami, haohao wa Winning Eleven.

Wahakiki waliipa Zau alama za katikati ya sabini, karibu kabisa na mstari unaotenganisha kijani na njano. Sifa zilienda kwa kisa, sauti, rangi na muziki. Lawama zilienda kwa uchache wa aina za maadui, mapigano yanayojirudia, na ramani isiyoficha mengi. Lawama hizo ni za haki. Anayetaka gemu ya kumtoa jasho miezi mitatu ataimaliza Zau kwa saa nane hivi na kuuliza nyingine iko wapi.

Ila kuna sehemu ambayo wastani hauwezi kuipima. Kila baada ya mapambano kadhaa Zau hukuta mbuyu. Anaketi chini yake, Kalunga anakaa karibu, wanaongea: hasira, lawama, mambo ambayo mtoto hakuwahi kumwambia baba. Ukitoka hapo uhai wa Zau umeongezeka. Kwa mhakiki anayehesabu mwendo wa gemu, huo ni muda wa kusimama. Kwa aliyewahi kukaa matanga akasikilizwa na wazee, hapo ndipo gemu yenyewe ilipo. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mhakiki naye ni mwamba ngoma.

Sisemi hivyo ili kuitetea Zau. Mhakiki wa kwetu angekuwa na ukali wake pia, tena mahali ambapo wengine hawakugusa. Gemu inatangazwa kuwa imetokana na simulizi za Wabantu. Lakini kati ya ile mizimu mitatu, Impundulu ni ndege wa radi wa Wazulu, Waxhosa na Wapondo. GaGorib ni wa Wakhoikhoi, ambao si Wabantu. Na Kikiyaon ametoka Afrika Magharibi. Kalunga mwenyewe ni wa upande wa Kongo na Angola. Lugha ni ya kwetu, jina Zuberi ni la kwetu, mizimu ni ya wengine. Je, huo ni umoja wa Afrika au ni kuchota kila chungu kijiko kimoja? Swali hilo halionekani kwenye alama yoyote.

Mwaka 2024 huohuo Salim alijitokeza kulalamikia mashambulizi ya kibaguzi dhidi ya gemu yake, na studio ikapunguza wafanyakazi. Mwaka 2025 taasisi ya BAFTA ya Uingereza ikaipa Zau tuzo ya gemu inayovuka mipaka ya burudani. Kazi ileile, hukumu mbili.

Msomaji afanye nini

Kwanza, usiishie kwenye wastani. Tazama umbali kati ya alama ya juu kabisa na ya chini kabisa. Zikikaribiana, wastani unakuambia kitu. Zikiachana sana, umeambiwa tu kwamba watu wamegombana.

Pili, soma tahakiki mbili kamili: ya aliyeipenda zaidi na ya aliyeikataa zaidi. Uliza kila mmoja anapenda gemu za namna gani. Lawama ya anayechukia mazungumzo marefu inaweza kuwa sifa kwako.

Tatu, angalia yale ambayo mhakiki wa London au Tokyo hana sababu ya kuyaandika. Gemu inahitaji mashine gani? Zau ilitolewa kwa PS5, Xbox Series, Switch na kompyuta. Banda lenye PS3 au PS4 haliwezi kuicheza. Itakula bando kiasi gani kuipakua? Umeme ukikatika, inahifadhi ulipofika au unaanza upya?

Na la mwisho ni kwa wanaojua kuandika. Kiswahili kimeingia kwenye gemu ya dunia, na waliokihukumu kwa wingi ni watu wasiokisikia. Ukicheza, andika. Usitoe alama ukitaka, lakini sema Kiswahili chake kimekaaje masikioni, kisa kimekugusa wapi, na wapi kimekudanganya. Metacritic haitakuhesabu, ila kijana wa Kharumwa anayewaza kutumia akiba yake atakusoma, na yeye ndiye anayetoa hela.